Mguu wa ndege, suspansio ya kamio, na karatasi ya breveti



Mwezi wa 11 mwaka 2025, ndege yenye ilibeba ministre wa Mines ilitoka mu njia pale ilikuwa inatua Kolwezi, ikawaka moto. Mungu alisaidia, watu walitoka wazima. Toka siku ile, mu mikutano yetu ya sendika hapa Golf, watu hawaachi kuuliza juu ya miguu ya ndege. Inabeba namna gani uzito ule wote? Nani anaichora? Na mafundi wetu wa suspansio, wale wenye wanashinda chini ya kamio kubwa za mine, walileta swali lingine lenye lilitushika zaidi: kama fundi wa Katanga akitengeneza kitu kipya mu kazi hii, nani atasema kweli ni kipya, na kitakuwa cha nani?

Tulisoma, tukauliza wenye kujua sheria. Yale tulipata njo haya.

Tuanze na chuma chenyewe, juu wengi wetu tunakijua bila kujua kama tunakijua. Mguu wa ndege kubwa ni silenda na pistoni. Ndani muko mafuta na azoti. Pale ndege inagusa chini, pistoni inapanda mu silenda. Mafuta yanalazimishwa kupita mu tundu ndogo, yanapata moto, na nguvu ya kile kishindo inaishia mu moto ule. Azoti yenyewe inabanwa na kufanya kazi ya resore: inabeba ndege pale inatembea chini, inarudisha mguu mahali pake. Wanatia azoti, hawatii hewa ya kawaida, juu hewa iko na oksijeni, na oksijeni pamoja na mafuta chini ya presio kubwa inaweza kuwaka. Mu miguu mingi kuna pia pini yenye unene wake haulingani toka chini mpaka juu. Pini inaingia mu tundu ile, na kadiri mguu unabanwa, nafasi ya mafuta kupita inabadilika. Hivi mguu unakuwa laini pale inafaa kuwa laini, mgumu pale inafaa kuwa mgumu. Tena kuna njia ya kuzuia mguu usirudi mbio, juu bila ile ndege ingerukaruka kama mpira wa watoto.

Fundi wa dumpa atasema: kumbe ni kazi yangu! Ndiyo, ni kazi yako. Suspansio ya kamio ya tani 100 ao 200 iko na azoti na mafuta vilevile. Chupa ya azoti, manometa, kupima urefu wa chuma chenye kuonekana inje, hayo yote fundi wa ndege anafanya pia. Tofauti iko mu namna ya kupigwa. Kamio inapigwa na njia mbaya usiku na mchana, mguu wa ndege unapokea kishindo kikubwa pale pa kutua, kisha unaenda kupumzika juu.

Sasa breveti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita hataza; sisi hapa tunasema breveti na tutabaki hivyo. Ni haki yenye serikali inamupa mtu ya kukataza wengine wasitengeneze kitu chake, mu inchi ile tu yenye ilitoa breveti, kwa miaka 20 toka siku aliweka ombi. Mu malipo ya haki ile, yeye analazimika kuandika wazi namna kitu kinafanya kazi, na kila mtu anasoma. Mwenye kutaka kuficha, afiche, lakini basi hapati breveti.

Watu wengi wanachanganya wachunguzi wawili, na ni lazima tuwatenge. Mmoja ni wa usalama. Ule anataka mguu uangushwe na uzito juu yake, upimwe, uhesabiwe. Kwa ndege kubwa za abiria, kanuni za Marekani na za Ulaya zinaomba mguu uvumilie ndege yenye kushuka futi 10, ndiyo mita 3 na kidogo, mu segonde moja. Mwingine ni mchunguzi wa breveti. Ule hagusi mguu hata siku moja. Iko na karatasi na ordinatere. Haulizi kama kitu ni kizuri, ao kama kitauzwa, ao kama kitaua watu. Anauliza mambo matatu: hiki ni kipya? Kilihitaji akili ya kuvumbua, ao fundi yeyote angekifika? Kinaweza kutengenezwa mu kazi? Kwa hiyo pale mnasikia mtu anajisifu kama "mashine yangu iko na breveti", msielewe kama mashine ni salama. Kila siku mu mine wanatuuzia vyombo kwa maneno ya namna ile.

Tumufuate mchunguzi mu kazi yake. Tuseme kampani moja inaomba breveti ku ofisi ya Ulaya, yenye makao yake ni München, Ujerumani. Mchunguzi anasoma kwanza madai, ndiyo ile sehemu ya mwisho ya ombi yenye inasema kabisa mtu anataka kukataza nini. Picha nzuri na maelezo marefu hayamushtui, madai njo mpaka wa lupango. Tuseme madai yanasema: mguu wa ndege wenye silenda, pistoni, mafuta, azoti, na pistoni ndogo yenye kuelea katikati kutenga azoti na mafuta. Mchunguzi anakata sentensi ile vipande vipande, kama mchinjaji. Kisha anaenda kutafuta kila kipande mu karatasi za zamani.

Karatasi zile zimepangwa kwa namba, dunia nzima namba moja. Miguu ya ndege ya mafuta iko mu B64C 25/60. Amortisa za gazi na mafuta pamoja, za mashine yoyote, ziko mu F16F 9/06. Suspansio za magari ziko mu B60G. Mchunguzi mzuri anaingia mu zote tatu, juu anajua kitu chenye kinaitwa "kipya" mu ndege kinaweza kuwa kizee mu kamio. Karatasi anazopata anazitia alama. X maana yake karatasi hii peke yake inaua madai. Y maana yake inaua ikiungwa na ingine. A ni ya kujua tu.

Kwa mfano wetu, X itakuja upesi. Pistoni yenye kuelea ni kitu cha zamani. Basi kampani inarudi na kuongeza: sawa, lakini pistoni yetu iko na kijiti chenye kutoka inje kuonyesha kama mafuta yamepungua, fundi hana lazima ya kufungua. Mchunguzi anapata karatasi ya silenda ya mashine ya kuchimba yenye iko na kijiti vile. Hapa hakuna tena X, juu ile haiko mguu wa ndege. Anauliza swali la pili: fundi wa kawaida wa miguu ya ndege, mwenye kusumbuliwa na mafuta yenye kupungua, angeangalia kazi za jirani na kuchukua kile kijiti? Akijibu ndiyo, ni Y mbili pamoja na breveti haitoki.

Fundi ule wa kawaida ni mtu wa ajabu kidogo. Sheria ilimutunga. Anajua karatasi zote za kazi yake, alisoma kila kitu, lakini hana hata chembe ya kuvumbua. Mu mkutano mmoja mama mmoja alisema, "ule niko naye mu nyumba!" Tulicheka sana. Lakini mamilioni ya dola yanapimwa na kichwa cha ule mtu mwenye haiko.

Na miguu ya ndege inafaa kwa somo hili kupita vitu vingine, juu karibu kila kitu chake kilitoka mu kazi ya jirani. Mzinga wa Wafaransa wa milimita 75, wa mwaka 1897, ulikuwa tayari na mafuta na gazi ya kupokea kishindo pale unapiga. Mu miaka ya 1920, Mfaransa Georges Messier alitengeneza magari bila resore, yenye kubebwa na gazi na mafuta, kisha akapeleka akili ile mu miguu ya ndege. Mwaka 1931, Mwingereza George Dowty alianza kampani yake ya vyombo vya ndege. Majina Messier na Dowty yalikuja kuungana, na leo kazi yao iko mu kampani Safran Landing Systems. Toka mzinga kufika gari, toka gari kufika ndege; mchunguzi mwenye kuangalia sanduku la ndege tu angedanganywa kila siku.

Lakini wakati wa Messier, Ufaransa haikuwa na mchunguzi wa namna hii. Sheria yao ya mwaka 1844 ilikuwa inatoa breveti bila kuchunguza kama kitu ni kipya. Wazee wanaweza kukumbuka vyombo vya zamani vyenye vimeandikwa "Breveté S.G.D.G.". Herufi zile maana yake ni "sans garantie du gouvernement": serikali haiahidi kitu. Wateja walikuwa wanafikiri ni sifa, kumbe ni serikali yenye kunawa mikono. Ilibaki hivi mpaka mwaka 1968. Wabelgiji walikuwa na sheria ya namna moja toka 1854, na akili ile njo waliileta huku: decree ya breveti ya Congo ni ya mwaka 1886, wakati hata kampani ya Union Minière ilikuwa haijazaliwa.

Na leo? Sheria yetu ya propriete industrielle ni namba 82-001 ya tarehe 7 mwezi wa 1, 1982. Ombi linawekwa Kinshasa, ku ministere ya Industrie. Wanaangalia kama karatasi zimekamilika na pesa imelipwa. Kama kitu ni kipya ao kiliibwa mu kitabu cha Wajerumani, ile hawachunguzi. Breveti inatoka kwa hatari ya mwenye kuomba. Majirani wako na nyumba mbili: Zambia, Tanzania, Uganda na Kenya wako mu ARIPO, yenye makao ni Harare na yenye inachunguza, Congo-Brazzaville na Cameroun wako mu OAPI, yenye makao ni Yaoundé. Sisi, inchi kubwa katikati, hatuko mu moja wala mu ingine.

Kuna wenye wanasema basi karatasi ya Kinshasa ni bure. Hapana, hatukubali vile. Iko na kitu kimoja cha bei kali: tarehe. Inchi yetu iliingia mu mapatano ya Paris toka 1975, na kwa mapatano yale, mwenye kuweka ombi hapa iko na miezi 12 ya kuweka ombi lilelile mu inchi ingine ya mapatano na kuhesabiwa kama aliweka siku ya kwanza. Mu kazi ya breveti mtu anaweza kukushinda kwa siku moja. Kwa hiyo karatasi ile haisemi una haki, lakini inasema ulikuwa pale siku gani. Mwenye kuinunua akifikiri imechunguzwa njo anadanganyika, na tumeona watu wanazunguka mu magaraje kuuza "kazi ya breveti" kwa vijana kwa maneno matamu. Muwaulize: nani atachunguza?

Sasa tufike pale panauma. Mwenzetu mmoja, fundi wa suspansio, alichoka na vumbi la kiangazi. Mnajua mwezi wa 7 mu karieri: vumbi linaingia pale chuma cha pistoni kinaingia mu silenda, linakula joini, azoti inatoka, kamio inalala upande. Alikata mpira wa konveya wa zamani, akatengeneza pete mbili, moja juu ya ingine, yenye midomo ya kupangusa pande mbili, na nafasi ya grisi katikati. Joini zikaanza kudumu. Chef akafurahi, akaita watu waone. Siku ile alikuwako teknisia wa kampani moja yenye kuuza vyombo, jina hatulitaji. Alipiga picha.

"Papa delege, alisema iko muzuri sana, alinipa mukono," kijana alituambia. "Nilisema ni heshima."

Kisha miaka miwili ikapita. Ikaja katalogi. Ndani muko pete mbili, midomo pande mbili, nafasi ya grisi katikati, na chini maneno madogo: demande de brevet déposée. Na katalogi ilisema inafaa kamio, mashine za kuchimba, na miguu ya ndege za viwanja vya udongo.

Tulianza na swali la kijana: anaweza kupata breveti yake? Ulaya, hapana. Kule sheria inasema chochote chenye kimefika mbele ya watu kabla ya ombi, kwa maandiko, kwa mdomo, kwa kutumiwa, mahali popote pa dunia, si kipya tena. Hata kama ni yeye mwenyewe alikionyesha. Marekani inaacha mwaka mmoja kwa mwenye kuvumbua, na mwaka ule ulikuwa umepita. Ile ni kali, lakini mkate ule uko na upande wa pili: kama si kipya kwa kijana, si kipya kwa mwenye katalogi pia. Pete ilikuwa chini ya kamio Katanga, mbele ya wageni wenye hawakuweka sahihi ya kufunga mdomo. Mchunguzi wa München akijua, lazima aihesabu. Shida yake ni kama anatafuta mu karatasi, na pete yetu haikuwa mu karatasi yoyote.

Haikuwa mu karatasi? Tulisumbuka wiki nzima, kisha mtu wa magazini akatukumbusha: mpira ulitoka kwake. Kila kipande kiko na bon de sortie, na tarehe, na namba ya kamio, na maneno "pour bague racleur". Kuna kumi na moja. Kuna pia picha mu simu ya wenzake, na fishi za kamio zenye kuonyesha siku joini zilibadilishwa. Wandugu, chungeni bon de sortie zenu! Mwaka 2003, pale watu zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa ile départ volontaire, ujuzi wa miaka 30 ulirudi mu nyumba bila karatasi moja. Wazee wale walikuwa wanatengeneza kila kitu, na hakuna mchunguzi wa dunia atajua.

Swali la pili ni la bwana kazi. Hata kama kijana angenyamaza na kuweka ombi mapema, pete ingekuwa yake ao ya mwajiri? Kontra nyingi tulizosoma ziko na mstari mmoja wenye kusema kila kitu mfanyakazi anavumbua ni cha kampani, basi, hakuna neno juu ya malipo. Mahali pengine haiko vile. Wajerumani wako na sheria toka 1957: mwajiri anaweza kuchukua, lakini analipa. Wafaransa walitia sheria yao 1978, na toka 1990 ni lazima mfanyakazi apate nyongeza kwa kitu alivumbua mu kazi yake. Uingereza, profesa Ian Shanks alitengeneza mwaka 1982 kipimo cha sukari ya damu pale alikuwa anafanya kazi kwa Unilever. Tribinali kubwa ilimupa pauni milioni 2 mwaka 2019. Alingoja sana, lakini alipata, juu sheria ilikuwa na mlango. Sisi tunataka mlango ule mu convention collective: mfanyakazi akivumbua, jina lake liandikwe, na malipo yajulikane kabla, si zawadi ya kofia na T-shirt.

Wakati tunapigania ile, vijana, hapa ni ya leo. Kabla ya kumwambia mtu, andikeni mu daftari yenye kurasa za namba, mtie tarehe, wenzenu wawili watie sahihi wenye wanajua kunyamaza. Kwa simu, ingieni Espacenet, ni bure na iko mu Kifaransa. Muko karatasi zaidi ya milioni 150. Wekeni namba F16F 9/06 mwone wenzenu wa dunia walifika wapi. Mtapata aibu kidogo pale mnaona kitu chenu kilichorwa mbele ya vita. Si kitu. Ombi lenye umri kupita miaka 20, kwa kawaida, kila mtu anaweza kutengeneza bure.

Na kwa pete, tulipata kama ofisi ya Ulaya inapokea barua ya mtu yeyote juu ya ombi lenye limetangazwa, bila kulipa, na Kifaransa ni moja ya luga zao tatu. Mwenye kuandika haingii mu kesi, hajibiwi, lakini barua inatiwa mu dosie. Tuliandika kurasa mbili. Tulitia picha tatu, fishi za kamio, na bon de sortie zote kumi na moja. Mafundi wanne walitia sahihi, na mtu wa magazini wa tano. Dosie iko wazi ku intaneti, kijana anaifungua kila Jumapili, na juzi aliona barua iko ndani, na kidole gumba cha mtu kinaonekana ku kona ya bon ya saba.